Kuendesha Haibridi Malindi Kila Siku: Mwongozo Kamili wa Kulinda Betri Dhidi ya Joto, Vumbi na Chumvi

Msimu wa kaskazi ukikolea, malalamiko ya wenye haibridi, yaani magari yanayotumia petroli na umeme pamoja, huwa yale yale. Gari lililotoka bandarini likiwa safi linaanza kutoa mvumo chini ya kiti cha nyuma. Baadaye linakunywa mafuta kuliko zamani. Kisha pembetatu ya onyo inawaka kwenye dashibodi, mara nyingi mbali na nyumbani, na mwenye gari anaambiwa betri kubwa imekufa. Anajikamua, ananunua nyingine, na hiyo nayo inashika njia ile ile, kwa kuwa kilichoiua ya kwanza bado kimo ndani ya gari.

Kinachoiua ni joto. Betri ya haibridi nyingi za Toyota haipozwi kwa maji kama injini. Kuna feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, ile ile unayoipumua wewe, na kuipitisha katikati ya seli, vile vipande vinavyoiunda betri. Ukikaa kwenye joto, betri nayo imekaa kwenye joto. Ukiingiza vumbi, betri imemeza vumbi. Shika jambo hilo moja, na hatua nyingi zilizo hapa chini utaona zinatoka humo.

Mifano mingi ni ya Toyota Aqua na Prius, kwa kuwa ndizo zilizozoeleka zaidi. Mwenye Honda Fit au Nissan Note e-Power atafaidika pia, ila mahali pa feni na betri patakuwa tofauti, kwa hiyo aangalie kitabu cha gari lake. Mwenye gari la umeme mtupu ana sehemu yake mwishoni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tochi ndogo yenye mwanga mkali.
- Kifyonza vumbi chenye mdomo mwembamba, na brashi laini. Ya kupakia rangi inatosha.
- Kijiti bapa cha plastiki cha kubandulia vibanio. Bisibisi huchuna na kuvunja.
- Karatasi ya shashi.
- Mita ya kupimia volti.
- Kifaa cha OBD2 cha bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, pamoja na programu ya simu. Kwa Toyota, Dr. Prius inafaa.
- Kivuli cha kioo cha mbele, kile cha kukunjwa chenye upande unaong'aa.
- Waya za jampa nzito, si zile nyembamba zinazoyeyuka.

Onyo kabla hujagusa chochote: nyaya zote nene za rangi ya machungwa zina umeme unaoua. Betri ya Aqua ya mwanzo peke yake ina volti 144, na inveta, kifaa kinachoubadilisha umeme wa betri uzungushe mota, huupandisha umeme huo zaidi. Usizichomoe, usizikate, usimwachie fundi wa kando ya barabara azijaribu. Usafi unaoelezwa hapa haukutaki ufungue betri.

## Hatua ya 1: Tafuta tundu la hewa la betri na ulisafishe

Zima gari na uweke funguo mbali, hasa ikiwa ni ile ya kubonyeza, ili gari lisiwake ukiwa umeinama ndani. Fungua mlango wa nyuma. Kwenye Aqua tundu la hewa liko chini ya kiti cha nyuma, upande mmoja. Kwenye Prius nyingi liko ubavuni mwa kiti hicho. Utaliona kwa wavu wake wa plastiki.

Toa kwanza vilivyoliziba. Hapa ndipo wengi wanapopotea: mkeka wa mpira uliokatwa mkubwa kupita kiasi, kava la kiti lililoshuka mpaka chini, gunia la nazi, mfuko wa shule, kikapu cha samaki. Madereva wa abiria wana shida zaidi, kwa sababu mtu akipanda na mizigo huibana pale pale miguuni. Kava likifunika tundu, likate au lishone upya.

Pitisha kifyonza vumbi juu ya wavu. Kisha ubandue taratibu kwa kile kijiti cha plastiki. Magari mengine yana kichujio nyuma ya wavu, mengine hayana. Ukikikuta, kitoe, kikung'ute nje, kipige brashi. Ukikiosha, kikauke kabisa kivulini kabla ya kukirudisha.

Sasa mulika ndani kwa tochi. Kwenye gari la mtu anayekwenda pwani mara kwa mara utaona utando wa kijivu umeshika mapanga ya feni. Ukiuvuta kwa kidole unatoka mzima kwa kipande: nyuzi za zulia, nywele, manyoya ya paka, na katikati yake chembe za mchanga mweupe wa ufuo wa Silversands zinazong'aa kwenye mwanga. Utando wenyewe hauna hata nusu ya unene wa shilingi, lakini unatosha kuzuia hewa.

Ukiona hivyo, kufyonza kwa nje hakutoshi. Feni ifunguliwe na fundi anayejua haibridi. Atakata betri ndogo ya volti 12, atachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa akiwa amevaa glovu za umeme, na atangoja angalau dakika 10 umeme uliobaki kwenye inveta uishe. Fundi anayeruka hatua hizo usimpe gari.

Usifanye hivi: usipulize hewa ya kompresa kuelekea ndani ya tundu. Utausukuma uchafu kutoka kwenye feni hadi katikati ya seli, na kuutoa huko ni lazima betri ishushwe.

Utajuaje umefaulu: endesha mjini mpaka gari lipate moto, kisha simama salama na ushike kipande cha shashi mbele ya wavu. Feni ikiwa inazunguka, shashi itavutwa na kunata. Ikianguka huku mvumo ukisikika, hewa bado imezibwa mahali.

Mimi hulitazama tundu hili kila mwezi na kulisafisha kila ninapobadilisha oili. Anayeishi kwenye barabara ya vumbi afanye mapema zaidi.

## Hatua ya 2: Poza gari kabla na baada ya kuondoka

Kuna imani kwamba kuzima kiyoyozi ndiyo njia ya kubana mafuta. Kwenye gari la kawaida kuna ukweli ndani yake. Kwenye haibridi, tena Malindi, mwezi wa pili au wa tatu, ni kuazima kwa riba. Kiyoyozi unachokizima ndicho kinachopoza betri ya thamani kubwa kuliko mafuta utakayookoa mwaka mzima.

Anzia maegeshoni. Egesha kivulini, chini ya mwarobaini au mwembe. Chini ya mnazi usiegeshe, na sababu yake kila mtu wa pwani anaijua. Chini ya mvinje pana kivuli kizuri, ila majani yake membamba huanguka na kujaa chini ya kioo cha mbele, mahali hewa ya kiyoyozi inapoingilia. Yazoe kwa mkono kila wiki, na ukague kichujio cha kiyoyozi kilicho nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Kikiwa cheusi, kibadilishe. Weka kivuli cha kioo kila unapoegesha juani, hata kwa nusu saa.

Ukirudi, fungua milango yote dakika moja au mbili joto litoke. Washa gari mpaka neno READY litokee kwenye dashibodi. Endesha mita mia kadhaa na madirisha wazi, kisha yafunge, washa kiyoyozi, na uweke hewa izunguke ndani kwa ndani. Nyuzi 24 au 25 zinatosha, wala huhitaji kutetemeka.

Dirisha la nyuma lisikae wazi safari nzima. Vumbi na hewa ya chumvi vinaingia na kwenda moja kwa moja kwenye tundu la betri.

Utajuaje umefaulu: fungua programu ya simu usome joto la betri. Binafsi sipendi livuke nyuzi 45. Likikaribia hapo, ongeza kiyoyozi na upunguze kukanyaga. Likipanda kila siku hata ndani ya gari pakiwa baridi, rudi Hatua ya 1, feni haipati hewa.

## Hatua ya 3: Fundisha mguu wako

Siku za kwanza kinachowashtua watu ni ukimya. Wanabonyeza kitufe, hakuna mngurumo, wanabonyeza tena na tena. Angalia neno READY tu. Likiwaka, gari liko tayari kwenda, hata injini ikiwa kimya kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo usishuke ukaliacha READY mtoto akiwa ndani, na ukipita Shella au vichochoro vya Majengo, nenda ukijua kwamba mtu aliyekupa mgongo hakusikii. Wenye tuktuk pia hawakusikii. Gusa honi mapema, kwa upole.

Kuondoka. Kwenye dashibodi kuna kipimo chenye sehemu tatu: ya kuchaji, ya ECO na ya nguvu. Usijibane kuondoka kwa umeme peke yake huku foleni ikikupigia honi nyuma. Ondoka kwa nguvu ya kawaida, injini iwake, ufike kwenye kasi unayotaka, kisha achia mguu kidogo. Hapo injini itazima na umeme utalibeba gari. Kujikongoja kwa umeme tangu mwanzo hukausha betri, na baadaye injini italazimika kuwaka kuijaza.

Kusimama. Hapa ndipo pesa ilipo. Ukikanyaga breki mapema na polepole, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ukikanyaga kwa ghafla, sehemu kubwa ya nguvu inaishia kwenye pedi na kuwa joto. Barabara ya kwenda Mombasa ina matuta karibu kila penye maduka, kuanzia Gede, Matsangoni, Tezo mpaka Kilifi. Lione tuta kwa mbali, toa mguu kwenye mafuta, gusa breki kidogo, tazama kipimo kikiingia sehemu ya kuchaji. Dereva anayefanya hivi hufika na pedi zake zikiwa hazijaguswa sana.

N na B. Kwenye foleni usiweke N. Ukiwa N betri haichajiwi, na kiyoyozi kinaendelea kuila. Kaa D na mguu kwenye breki. B nayo si gia ya kubana mafuta kama wengi wanavyoambiana. Ni ya mteremko mrefu, inatumia injini kulizuia gari. Malindi ni tambarare, hutaihitaji. Hata miteremko ya kulikaribia daraja la Kilifi ni mifupi, D inatosha.

Kitufe cha EV, cha kwenda kwa umeme peke yake. Kinafaa kulisogeza gari uani usiku bila kuamsha watu. Basi.

Kuhusu mafuta, usimuulize muuzaji. Japani ilipima Aqua ya mwanzo kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo chao cha JC08, na tarakimu hiyo bado inatembea kwenye matangazo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilipima ndugu yake anayeitwa Prius c likapata kama kilomita 21 kwa lita. Hiyo ya pili ndiyo ya kujipimia. Na usishangae ukiona gari linakunywa kidogo mjini kuliko linapokimbia kwenye barabara kuu: mjini kuna kusimama kwingi, na kila kusimama kunarudisha umeme.

## Hatua ya 4: Mchague fundi wa kiyoyozi kwa swali moja

Sehemu hii iliandikwa kwa sababu ya magari yaliyoingia kujazwa gesi na kutoka yakivutwa.

Kompresa ya kiyoyozi cha haibridi hizi haizungushwi na mkanda wa injini. Inazungushwa na umeme wa betri kubwa, na oili inayoilainisha inagusana na nyaya zenye umeme huo. Kwa hiyo oili yenyewe lazima iwe ya aina isiyopitisha umeme. Kwenye kompresa za Denso zilizo kwenye Toyota, aina hiyo ni ND-11. Oili ya viyoyozi vya kawaida, iitwayo PAG, hata kidogo iliyobaki kwenye mpira wa mashine ya gesi, inaharibu kinga hiyo. Gari likigundua umeme unavuja linatoa kosa la P0AA6, na unaweza kulizima jioni likakataa kuwa READY asubuhi.

Kwa hiyo kabla ya kufungua boneti, uliza: "Fundi, kompresa hii ni ya umeme. Una oili ya ND-11, na mashine yako umeisafisha oili nyingine?"

Akikujibu, "Oili ni oili tu, bosi," mshukuru, chukua funguo zako, uende kwingine hata kama ni Mombasa. Na asikujazie gesi yenye oili au dawa ya kuziba ndani yake. Gesi tupu tu.

Utajuaje umefaulu: hewa inatoka baridi gari likiwa limesimama na injini imezima, na siku inayofuata gari linawaka READY bila taa yoyote.

## Hatua ya 5: Betri ndogo, inayosingiziwa kuwa kubwa

Haibridi ina betri mbili. Ile ndogo ya volti 12 ndiyo inayoamsha kompyuta, na ikidhoofika dashibodi hujaa taa za kila rangi kama vile gari zima limekufa. Watu wameuziwa betri kubwa kwa ugonjwa wa betri ndogo.

Pima hivi. Gari likiwa limezimwa saa kadhaa, mita isome kama 12.6. Ikisoma chini ya 12.2, imechoka. Washa READY, isome karibu na 14. Ikibaki 12 na kitu ukiwa READY, tatizo si betri, ni mfumo unaoichaji.

Kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, kwenye Prius nyingi iko kwenye buti. Kwa kuwa iko ndani walimo watu, inunuliwe ile iliyofungwa yenye nafasi ya kuunganisha bomba dogo la kutoa gesi nje. Betri ya kawaida ya Probox itaingia pengine, lakini gesi yake itabaki ndani ya gari na wewe.

Kinachoimaliza ni kukaa na redio gari likiwa ON bila READY. Ukimngoja mtu uwanja wa ndege, weka READY. Injini itawaka yenyewe ikihitajika na kuzima.

Ukilazimika kujampu: waya mwekundu kwenye ncha ya chanya iliyo ndani ya kisanduku cha fyuzi chini ya boneti, mweusi kwenye chuma tupu cha injini. Ukigeuza nyaya umeunguza vitu vya bei kubwa. Na haibridi yako isitumiwe kuamsha lori la jirani. Kataa kwa adabu.

## Hatua ya 6: Chumvi, mvua na breki zisizotumika

Kwa kuwa mota inafanya kazi nyingi ya kusimamisha gari, diski za breki hazisuguliwi vya kutosha. Penye hewa ya bahari zinashika kutu, na pini za kalipa zinakwama. Mara moja kwa wiki, mahali patupu na pakavu, kanyaga breki kwa nguvu mara mbili tatu kutoka kasi ya wastani. Kila huduma, fundi atoe pini azipake grisi ya breki.

Osha chini ya gari kwa maji baridi, hasa ukipita kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni au ukiegesha karibu na ufuo msimu wa kusi. Mashine ya presha isielekezwe kwenye nyaya za machungwa wala kwenye inveta.

Inveta ina chupa yake ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea, mbali na ya injini. Itazame gari likiwa baridi, iwe kati ya alama mbili. Ikipungua, ongeza ile ya Toyota ya rangi ya waridi, si maji ya bomba.

Mvua za masika zikifurika, betri ya Aqua iko chini, usawa wa makalio. Maji yaliyofika juu ya sakafu ni karibu sana nayo. Usijaribu kupita mahali usipoona lami. Gari likishaingia maji usiliwashe kuona kama limepona, livutwe.

## Hatua ya 7: Ukiliacha gari kwa muda

Wanaovuka kwenda Lamu huliacha gari Mokowe, wengine wiki nzima, wengine miezi. Betri kubwa hupungua polepole hata gari likiwa limezimwa, na ikishuka sana injini haiwaki, kwa sababu haibridi hizi hazina stata ya kawaida: betri kubwa ndiyo inayoizungusha injini.

Liache kivulini, na mafuta angalau nusu ya tangi. Mtu unayemwamini aliwashe READY kwa nusu saa angalau kila miezi miwili, mahali pa wazi, asiliache ndani ya gereji iliyofungwa. Ukitaka kukata betri ndogo, kumbuka buti la Prius linafunguka kwa umeme. Hakikisha unajua kutumia ile ncha ya chanya iliyo chini ya boneti (Hatua ya 5) kabla ya kulifunga buti betri ikiwa imekatwa.

## Hatua ya 8: Taa ikiwaka njiani

Usiendelee kwa matumaini ya kufika Kilifi. Simama salama, fungua madirisha, na usome kosa kwa kile kifaa cha OBD2.

P0A80 maana yake kompyuta imeona betri imechoka. P0A93 inahusu upozaji wa inveta: tazama chupa ya kulanti na sikiliza pampu yake. Usikubali kosa lifutwe kabla hujalipiga picha.

Kwa P0A80, tazama volti za mafungu ya seli wakati mtu mwingine anaendesha. Fungu moja likishuka mbali na wenzake kila gari linapokazana, hilo ndilo bovu. Fundi atataka kubadilisha moduli moja tu, yaani kipande cha seli cha fungu hilo. Ninashauri ukatae, isipokuwa unataka kufika tu nyumbani. Moduli zilizobaki zimezeeka pamoja, na ile ngeni haitalingana nazo, kwa hiyo muda si mrefu itaanguka nyingine, na nyingine. Betri kamili yenye dhamana ya maandishi ni ghali leo na rahisi baadaye. Kabla haijafungwa, hakikisha feni imeoshwa kwa mujibu wa Hatua ya 1. Simama hapo hapo uone.

Ukiishiwa petroli, usiendelee kwa umeme mpaka betri ikauke. Tangi la Aqua ni lita 36, na kati ya Malindi na Mombasa vituo ni vingi.

Gari likivutwa, magurudumu ya mbele yasiguse lami. Yakizunguka yanazalisha umeme. Liwekwe juu ya lori, au liinuliwe mbele. Mwenye kamba mwambie hapana.

## Kama gari lako ni la umeme mtupu

Nissan Leaf ndiyo inayoulizwa zaidi. Betri ya Leaf za vizazi viwili vya kwanza haina feni wala maji ya kuipoza, inategemea upepo wa chini ya gari. Kwa hiyo Malindi inazeeka haraka kuliko mahali pa baridi, na huwezi kuisafisha ipone. Unachoweza ni kuipunguzia mateso.

Ukinunua, hesabu pau 12 ndogo za afya ya betri zilizo pembeni mwa kipimo cha chaji. Pau ya kwanza ikipotea, takriban asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Lakini pau hizo zinaweza kurudishwa juu kwa kompyuta ili kumdanganya mnunuzi, kwa hiyo tumia pia programu ya LeafSpy, na uliendeshe gari safari ya kweli kabla ya kulipa.

Kuchaji nyumbani. Chaja ya soketi ya kawaida huvuta karibu ampea 10, yaani takriban kilowati 2.3. Kuchaji usiku kwa muda wa saa kumi kunaingiza kama uniti 20 kwenye betri. Fundi umeme avute laini yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha swichi, yenye swichi yake na ethi iliyopimwa. Soketi za pwani huliwa na chumvi, zikilegea zinaungua. Ekstensheni isitumike kabisa. Kebo iliyokuja na gari kutoka Japani imetengenezewa volti 200 za kwao. Usiikate na kuibandika plagi ya kwetu, nunua ya volti 240.

Baada ya saa moja ya kuchaji, gusa plagi. Uvuguvugu si tatizo. Ikiwa mkono haukai, zima na uite fundi.

Wakati wa kuchaji. Anza usiku wa manane gari likiwa limepoa, si mara tu unapotoka safari. Kwa mizunguko ya mjini na Watamu, asilimia 80 inatosha. Jaza kamili usiku wa kuamkia safari ndefu tu, usiliache limejaa likichomwa na jua siku nzima.

Mombasa inafikika? Ni kilomita 120 hivi. Leaf ya uniti 40 ilipokuwa mpya EPA iliipa kilomita 243. Ikibaki na afya ya asilimia 80, una kama 190: kwenda unafika, kurudi ni lazima uchaji huko. Zile za mwanzo za uniti 24 zilipewa kilomita 117 tu zikiwa mpya, hizo ni za Malindi, Watamu na Mambrui. Kabla ya kuondoka, piga simu mahali utakapochajia uulize kama umeme upo na kama plagi yao inaingia kwenye gari lako.